Barua ya wazi kwa wakubwa wa redio zetu Tabora: sauti mnaiua wenyewe kabla haijafika mtandaoni

Mwangaluka wakubwa. Wakurugenzi, mameneja wa vituo, wasimamizi wa vipindi na nyie mafundi mitambo ambao ni wenzangu kabisa, shikamooni wanaostahili shikamoo na wengine habari za kazi. Barua hii sijaipeleka ofisini kwa mtu mana najua itaishia kwenye droo ya mapokezi, bora niiweke hapa wazi kila mtu aione. Sitaji jina la redio yoyote, redio za Tabora tunazijua na kila mtu akisoma atajijua, ambaye haimhusu apite zake akanywe chai.

Hoja yangu ni moja. Sauti ya redio zenu mtandaoni ni mbaya, na ubaya huo hautoki kwenye mtandao, mnautengeneza wenyewe pale pale studio.

Kila baada ya nyimbo mbili mnatuambia "tusikilize popote ulipo duniani kupitia apu yetu", sawa, mtoto wa Isevya aliyeko Muscat anafungua apu, wa Ng'ambo aliyeko Mbagala anafungua, binti wa Kaliua anayesoma Mwanza anafungua, anachokutana nacho ni mvumo wa umeme, tangazo linalopasua masikio alafu mtangazaji anayesikika kama kafungiwa ndani ya mzinga wa nyuki. Anafunga. Akilalamika kwenye ukurasa wenu anajibiwa "pole mpendwa msikilizaji, ni changamoto ya mtandao". Hilo jibu ndo limenifanya niandike.

Mtandao una tabia zake zinajulikana. Ukiwa mbovu redio inakata, ile duara inazunguka, inarudi, inaruka maneno. Strimu nyingi za kwetu, yani hayo matangazo ya mtandaoni, zinapita kwenye programu za seva za Icecast au SHOUTcast, na hizi zinasafirisha sauti kwa njia ile ile inayoleta kurasa za intaneti, kipande kikipotea njiani kinaombwa tena mpaka kifike, kwahiyo kinachofika kwenye simu yangu ni kile kile mlichokituma au hakifiki kabisa. Hakuna mnara wa simu unaoweza kuongeza mvumo kwenye sauti yenu. Hakuna mnara unaoweza kukwaruza sauti ya msoma taarifa na kuacha sauti ya tangazo la sabuni iko safi. Mkisikia mkwaruzo, mvumo, makelele ya shshsh, sauti upande mmoja, hayo yote yaliingia kabla sauti haijatoka getini kwenu.

Na kabla hamjaniambia kwamba wasikilizaji wa mtandaoni ni wachache, hebu angalieni ramani. Mkoa wetu una kilomita za mraba zaidi ya 76,000, FM inakwenda kwa kuonana, mnara na antena ya msikilizaji, ikifika upeo wa macho imeisha habari. Mkiwasha mtambo pale mjini, mtu wa ndani ndani kule Sikonge au porini Kaliua anapata shshsh tu, ila siku hizi mnara wa simu anao karibu kuliko mnara wenu. Yule mkulima wa tumbaku mnayemsomea habari za masoko, yule mrina asali, anawasikiliza kwa bando. Alafu kuna matangazo ya vifo, hapa naombeni tuelewane vizuri. Mtu yuko mbali na nyumbani, anafungua redio muda wa matangazo ya vifo, anataka kusikia jina. Sauti za s, f na th nguvu yake kubwa ipo juu huko, kuanzia hertz 4,000, yani mitetemo 4,000 kwa sekunde, na kupanda, na ndo sehemu ya kwanza kuuawa strimu ikiwa mbovu. Sasa majina yetu mnayajua, akina Saidi na Faidi, Hamisi na Hamidi, mtu anabaki kapigwa butwaa hajui amefiwa au hajafiwa, inabidi apige simu nyumbani kuuliza. Hiyo sio redio jamani.

Haya, tuingie kwenye mitambo.

Kosa la kwanza ambalo limeenea mpaka linaonekana ndo utaratibu, kuna vituo vinachukua redio ya kawaida ya mezani, wanaishika FM yao wenyewe, alafu wanatoa waya kwenye tundu la earphone la hiyo redio wanachomeka kwenye kompyuta ya strimu. Yani sauti inatoka studio safi, inaenda kwenye mtambo, inapanda mnarani, inarushwa hewani, inashikwa na redio ya mezani yenye antena iliyovunjika kipande, ndo inaingia mtandaoni. Kwanini? Kwasababu ni rahisi, fundi aliyefunga strimu hakutaka kugusa mikisa ya studio, ile meza ya kuchanganyia sauti, na siku ile ilikubali basi ikaachwa hivo hivo miaka nenda rudi. Matokeo yake makelele yote ya hewani mnayapeleka Muscat. Sauti ya FM yenyewe inakatwa kwenye hertz 15,000, hilo sio tatizo kubwa, tatizo ni kwamba sauti ya FM imeshaminywa na kukatwa vichwa ili isikike ina nguvu kwenye gari, na mkiichukua ikiwa imeshakatwa vichwa alafu mkaipeleka kwenye enkoda, ile programu inayobana sauti iingie mtandaoni, enkoda inatumia biti zake chache kuuhifadhi ule mkwaruzo badala ya kuhifadhi sauti ya mtu. Juu ya hapo chaja ya hiyo redio na kompyuta zinagombana ethi, ule waya wa ardhini, unapata ule mvumo wa hertz 50 mchana na usiku. Na umeme ukikatika kule kwenye mtambo wakati studio ina jenereta, FM imezima na mtandaoni nako mmezima, wakati mtandaoni mngeweza kuendelea kama kawaida.

Wengine wamejitahidi kidogo, wanachukua sauti kwenye prosesa ya FM, kile kifaa kinachominya na kuipa sauti nguvu, kabla ya mtambo. Mkifanya hivo angalieni sana mnachukulia wapi. FM kabla ya kurushwa huwa inaongezwa sauti za juu makusudi, alafu redio ya msikilizaji inazipunguza kwa kiasi kile kile, kwetu kipimo ni maikrosekunde 50, hiyo ilipangwa ili kupunguza shshsh. Simu haizipunguzi. Kwahiyo mkichukua sauti iliyoshaongezwa mkaipeleka mtandaoni kila s inachoma sikio, na ndo ile redio mnayoijua, mtangazaji akisema "sasa ni saa sita na dakika sita" inabidi utoe earphone.

Dawa ya yote haya ni waya mmoja. Karibu mikisa yoyote ya studio, hata ile ya bei ndogo, ina njia ya ziada ya kutolea sauti, ipo iliyoandikwa REC, ipo AUX, ipo ya chumba cha pili. Chukueni pale, kabla ya prosesa ya FM, pelekeni kwenye kompyuta. Mkiwa na uwezo muweke prosesa ya pili ya strimu peke yake, zipo mpaka za programu. Mkikosa uwezo hata bila prosesa itakuwa afadhali mara kumi.

Ila huo waya mmoja nao una balaa lake, na hapa nitakaa kidogo mana ndo pameniletea wateja wa ajabu.

Mimi nina kibanda cha ufundi, redio, simu, spika za sherehe, chochote chenye waya. Ikaanza kuwa mtu anakuja na simu anasema fundi spika yangu imekufa, nikiweka wimbo spika inalia vizuri, anasema hapana, weka redio fulani. Naweka. Kweli, jingo na muziki vimefifia mpaka karibu havipo, mtangazaji akifungua maiki hasikiki kabisa, kunabaki kitu kinachuruzika tu kwa nyuma. Nikichomeka earphone mtangazaji huyu hapa. Nikitoa earphone hayupo. Mteja anasema si nilikwambia spika, mama mmoja mtu mzima yeye alishabadilishiwa spika mpya na fundi mwingine na hela kalipa, na redio yake ikabaki vile vile.

Mafundi wenzangu mmeshajua tayari. Kwa wakurugenzi naeleza. Mikisa ya studio inatoa sauti kwa waya mbili na ethi, waya wa kwanza umebeba sauti kama ilivyo, wa pili umebeba sauti ile ile lakini imepinduliwa, juu imekuwa chini na chini imekuwa juu. Imepangwa hivo ili kifaa kinachopokea kiupindue tena ule wa pili na makelele yaliyoingia njiani yauane yenyewe, ni mpango mzuri sana kwa waya mrefu. Sasa fundi wa haraka haraka anachukua waya ule mwenye pini kubwa, anaweka adapta ya pini ndogo, anachomeka kwenye tundu la kompyuta. Tundu la kompyuta halijui habari za kupindua, lenyewe linajua kushoto na kulia. Kwahiyo waya wa kwanza unakuwa sikio la kushoto na ule uliopinduliwa unakuwa sikio la kulia. Ukivaa earphone kila sikio linapata chake, unasikia, ingawa sauti haikai katikati ya kichwa, inakuwa kama inakuzungukia masikioni. Ila simu yenye spika moja inafanyaje? Inajumlisha kushoto na kulia. Moja jumlisha hasi moja, sifuri. Mtangazaji kafutika na muziki wake. Kile kinachochuruzika ni makapi ya enkoda tu, pale ambapo kushoto na kulia hazikulingana sawa sawa. Na watu wa Tabora wengi wanasikiliza redio kwa spika ya simu, imewekwa dirishani au mfukoni mwa shati, hakuna anayevaa earphone huku anapukuchua mahindi.

Hiyo redio imerusha taarifa za habari ambazo hazisikiki kwa muda mrefu, na ofisini hakuna aliyejua, kwasababu ofisini wanasikiliza FM! Hapo ndo penyewe wakubwa. Nyie ndo watu pekee mkoa mzima ambao hamna sababu ya kusikiliza strimu yenu, mko mita chache kutoka studio, redio ya kwenye gari inashika safi, ya mapokezi inashika safi. Mnaisifia apu kwa kuangalia nembo yake.

Namna ya kupima ni bure. Fungua strimu kwenye simu yenye spika moja, sikiliza mtangazaji, chomeka earphone, sikiliza tena. Akiwa anapotea kwenye spika mmepigwa. Fundi achukue njia ya REC ambayo kwa kawaida haina huo mpango wa kupindua, au atengeneze waya mzuri, au anunue kadi ya sauti ya nje ya USB yenye tundu linalopokea hizo waya mbili na ethi kama inavyotakiwa. Na tukiwa hapo hapo, kompyuta ya mezani kwa kawaida ina tundu la pinki na la bluu. La pinki ni la maiki, linaikuza sauti sana, mkichomeka mikisa pale mnapata mkwaruzo hata mkishusha mpaka mwisho. La bluu ndo la laini. Laptop nyingi siku hizi zina tundu moja tu na lenyewe ni la earphone na maiki ya mono, ndo mana nasema nunueni kadi ya nje.

Sasa bando. Hapa vituo vimegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamekosea kwa upande wake. Kundi la kwanza linarusha MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde tena stirio, yani kushoto na kulia kila upande na sauti yake, wanasema wanamhurumia msikilizaji bando lisiishe. Kwa kiwango hicho enkoda ya MP3 mara nyingi inapunguza idadi ya vipimo vya sauti mpaka 22,050 kwa sekunde, maana yake hata ingefanya miujiza hakuna sauti itakayovuka hertz 11,025, na hizo biti chache bado inazigawa kushoto na kulia, matoazi yanageuka maji, na waimbaji wa kwaya wanayeyuka wote pamoja. Kama lazima iwe MP3 32 basi wekeni mono, sauti moja kwa pande zote, mtangazaji mmoja hahitaji masikio mawili.

Kundi la pili lina kiburi, MP3 ya kilobiti 320, wanaandika "HD" kwenye apu. Tupige hesabu, 320 kwa sekunde ni kilobaiti 40, kwa saa moja ni MB 144. Kipindi cha masaa matatu MB 432. Mrina asali yupi huyo mnayemrushia? Hata 128 ambayo wengi wanaiona ya kawaida inakula MB 57.6 kwa saa. Na kinachonichekesha zaidi ni kwamba nyimbo zenyewe zimechotwa YouTube kwa tovuti za kugeuzia, ambapo sauti kwa kawaida inakaa kwenye kilobiti 128 hivi, ikageuzwa MP3 ikaandikwa 320, ikapita tena kwenye enkoda yenu. Kilichopotea mara ya kwanza hakirudi kwa kuandikiwa namba kubwa. DJ wa kituo ana laptop imejaa nyimbo za namna hiyo, alafu tunalaumu seva.

MP3 ni mpango wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuna ubaya, haki zake za hataza zimeisha, wenyewe walifunga biashara ya leseni 2017, na inacheza kwenye kila kitu. Ila kwa kilobiti chache imeshapitwa siku nyingi. Ipo AAC+, kitaalamu inaitwa HE-AAC, iliingia kwenye viwango vya kimataifa 2003, hii sio ya jana. Ujanja wake ni kwamba haitumi sauti za juu zote, inatuma zile za chini kwa uangalifu alafu inaambatanisha maelezo mafupi, simu yenyewe inazijenga za juu kwa kufuata hayo maelezo. Ukiiweka kilobiti 48 inasikika vizuri kuliko hizo MP3 zenu za 64, na kwa saa inakula MB 21.6 tu. Android inaicheza, iPhone inaicheza. Toleo lake la pili linaenda mbali zaidi, linatuma mono moja na maelezo ya jinsi ya kuitawanya kushoto na kulia, zuri kwa kilobiti 24 au 32, ila nawaonya, mkiliweka huku waya wenu umepinduliwa kama nilivyoeleza juu, hiyo mono inatokea karibu tupu na hapo hata mwenye earphone atawakosa. Ipo pia Opus, ya 2012, ya bure kabisa na ni nzuri mno kwa sauti ya mtu, ndo ile ile WhatsApp wanaitumia kwenye voisi, shida yake baadhi ya iPhone za zamani zinaikataa ikija kama strimu ya Ogg. Kwahiyo mngeniuliza mimi, AAC+ 48 iwe ndo strimu kuu, na pembeni muweke MP3 64 mono kwa simu na redio za zamani, Icecast inaruhusu kuwa na strimu mbili tatu kwenye seva moja na yenyewe ni programu ya bure. Programu ya kurushia nayo ipo ya bure, BUTT, inajua MP3, AAC na Opus, inakaa hata kwenye kompyuta ya zamani.

Nimewagusa DJ, ngoja nimalizie na kipindi cha zilipendwa. Tabora ni mji wa muziki wa dansi, hapa ndo walipotoka Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, wazee wetu wamelala na gitaa zao na sehemu pekee wanaposikika kwa uhakika ni Jumapili kwenye redio zenu. Rekodi nyingi za enzi zile ni mono, wanamuziki wote chumba kimoja na tepu inazunguka. Utamu wake uko kwenye gitaa la rizimu na lile la solo linavyojibizana, besi inatembea chini taratibu. Mkiipitisha kwenye MP3 mbili tatu na prosesa ya FM inayominya kila kitu, gitaa la rizimu linakufa kwanza, linabaki chik chik chik bila noti, besi inageuka mngurumo. Mtoto wa sasa akisikia hivo anasema muziki wa zamani ulikuwa hovyo. Haukuwa hovyo! Tafuteni kopi nzuri, zihifadhini kama zilivyo bila kuzigeuza geuza, rusheni mono safi. Hizo rekodi hazitaki stirio ya kulazimisha wala kitufe cha besi.

Mengine madogo madogo. Taa nyekundu kwenye mikisa maana yake punguza, sio mapambo. Tangazo la duka likija na nguvu mara mbili ya mtangazaji watu wanazima, zipo mita za bure za kupima ukubwa wa sauti kwa kipimo cha LUFS, wataalamu wa sauti wa chama cha AES walipendekeza 2021 maongezi ya mtandaoni yakae kwenye -18 hivi, lenganeni hapo na matangazo yote myapime kabla hayajaingia kwenye kompyuta ya studio. Kompyuta ya strimu isiwe ya katibu muhtasi, tumeshasikia mlio wa meseji za WhatsApp katikati ya sala ya Ijumaa, na tumeshasikia mtu anaangalia vichekesho juu ya taarifa ya habari. Zimeni vile vipambo vya Windows vya kusafisha sauti, vinadhani muziki ni makelele vinaufuta. Wekeni kitu kinachopiga kelele strimu ikinyamaza, mana kuna usiku mzima apu inaonyesha "LAIVU" na ndani kuna ukimya. Na kama seva mnalipia kwa idadi ya wasikilizaji, ulizeni ni wangapi, siku ya msiba mkubwa watu wanaambiwa imejaa.

Sauti ya apu kuchelewa, hilo siwalaumu. Tangu timu yetu ilipopanda ligi kuu 2023 watu wanalalamika kwamba goli la pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi linasikika kwenye apu wakati jirani mwenye FM ameshamaliza kushangilia. Hiyo ni bufa, sauti inayowekwa akiba kabla ya kuchezwa, sekunde ishirini thelathini, ndo bei ya kutokukatika katika, tuvumilie tu. Mtangazaji aache tu kusema "piga simu ndani ya sekunde kumi ushinde", aliyeko Mbagala hatashinda milele.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nao nawagusa kidogo kwa heshima. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 na zile za 2020 zimehangaika sana na nani anasema nini huko mtandaoni, leseni, usajili, sawa. Kwenye FM mtu akiingilia masafa ya mwenzake mnamfuata. Ingekuwa vizuri mkija kukagua vituo mfungue na strimu, kwa spika ya simu, dakika tano tu, na mkute mtu wa kuwajibu.

Wakurugenzi, mimi siombi mnunue mtambo. Nimetaja waya, kadi ya USB, programu za bure na kubadilisha namba kwenye enkoda. Naomba na simu moja, ya bei ndogo, ikae mapokezi inacheza strimu kutwa nzima kwa spika yake yenyewe badala ya hiyo redio ya FM, na bili ya bando lake mlipe nyie, hapo mtajua 320 ni nini. Meneja akiingia asubuhi aipite, akisikia mzinga wa nyuki aite fundi kabla ya chai.

Fundi akikwama nipo, kibanda kipo upande wa soko kuu, waulizeni wauza vocha watawaonyesha, Ijumaa mchana nafunga naenda msikitini. Njooni na laptop ya strimu na waya wake ule ule unaotumika, msije mkanunua mpya njiani mkaniambia ndo huo. Na yule mama aliyebadilishiwa spika nzima, redio husika inajijua, mrudishieni hela yake.